Radhi ya Hadharani

Sudi alikuwa na studio ya picha pale Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi la mzee Hasanali, na ukimtazama hivi hivi usingemdhania kuwa mtu mwenye uchu wa sifa. Alikuwa mwembamba, mpole, sauti yake ya chini. Harusini alipita baina ya watu na kamera yake bila kumgusa mtu bega, na wengi waliondoka wasikumbuke kwamba alikuwapo. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Baba yake aliishi na kufa bila kuitwa kwenye shauri lolote la mji, na Sudi aliyaona hayo tangu utoto wake, yakamkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Alitaka siku moja watu waulizane, "Sudi anasemaje?"

Siku hiyo ilianza kumkaribia aliporudi Baqir, mwana wa mzee Hasanali, kutoka masomoni. Baqir alikuwa kijana wa kusoma sana na kusema kidogo. Jioni moja, wakiwa wamekaa mbele ya duka wakinywa kahawa, aliwasimulia Sudi na wenzake habari ya futuwa. Alisema kwamba zamani, katika miji ya Baghdadi na nchi ya Waturuki, vijana walikuwa wakifunga ahadi ya uungwana wa matendo: kumtanguliza mwenzio kabla ya nafsi yako, kutimiza neno, kumtetea asiye na mtetezi, kusitiri aibu za watu. Aliyekubaliwa alinyweshwa maji ya chumvi na kufungwa mshipi kiunoni. Na hata leo, alisema, wako watu katika nchi nyingi wanaoishi kwa ahadi hiyo, naye huandikiana na baadhi yao kwa simu. Wazungu nao wana vyama vyao vya namna hiyo, watu wazima wenye kazi na familia, ambao hukutana wakavaa majoho na kuguswa bega kwa upanga, kisha wakaenda kuhudumia wagonjwa.

"Sisi neno uungwana tunalo tangu mababu," Baqir alisema, "ila tumelifanya kuwa neno la ukoo. Fulani muungwana, fulani si muungwana. Mimi nataka liwe neno la kazi."

Wa kwanza kunywa maji ya chumvi alikuwa Sudi.

Mishipi waliishonesha kwa kitambaa cha kijani, wakawa wanaifunga juu ya kanzu kila wanapotoka kwa kazi yao. Walipokea mizigo ya wazee gatini boti ilipoingia kutoka Nyamisati. Walimwezekea paa mjane mmoja wa Baleni. Maji yalipokatika kisiwa cha jirani cha Jibondo, walipakia madumu kwenye mashua wakayafikisha mpaka milangoni kwa watu. Mwanzoni mji uliwacheka, ukawaita Watu wa Mshipi, na wahuni wakawa wanawaigiza sokoni kwa kujifunga kanga za mama zao. Baadaye kicheko kikaisha, likabaki jina tu, na jina likawa la heshima.

Sudi alizipiga kazi zote hizo video akaziweka mtandaoni. Baqir hakulipenda sana jambo hilo, lakini Sudi alimwambia kwamba jema likionekana huigwa, na Baqir akakubali. Watu wa Dar, watu wa Unguja, watu wa Mafia waliohamia Muscat, wote wakawa wanaandika maashallah. Sudi alikuwa akizisoma maashallah hizo moja moja, na nyingine alizirudia.

Sasa, pale karibu na gati kulikuwa na mama mmoja akiuza vitumbua na samaki wa kukaanga, jina lake Somoe. Alikuwa mtu wa Jibondo, aliolewa huko na Fundi Zubery, mtengeneza mashua, wakaachana zamani bila ugomvi mkubwa, naye akahamia Kilindoni na binti yao Warda. Mwaka aliofiwa na mama yake, Sudi alikula chakula cha Somoe arobaini nzima, kililetwa mlangoni kimefunikwa kawa, na wala hakuwahi kukumbushwa. Warda alikuwa amekua, anafundisha watoto wa chekechea, na ameposwa na Ukasha, kijana wa Kirongwe, mwana wa mzee Shaabani mwenye mikorosho. Siku ya harusi ilikuwa imekwisha pangwa.

Ndipo Iddi, mmoja wa Watu wa Mshipi, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka barafu Jibondo, aliporudi na neno. Alisema Fundi Zubery alikaa barazani na wenzake, mtu akampongeza kwa harusi ya binti, naye akajibu kwamba pongezi wapewe wajomba, maana posa waliipokea wao, na yeye hata hajui kama anayeolewa ni damu yake.

Neno lile liliwachoma wote. Walikutana nyuma ya duka la Hasanali, na pale Sudi, ambaye katika mikutano yote alikuwa mtu wa kuitikia, alisimama akasema. Alisema vizuri mpaka mwenyewe akajishangaa. Alisema kama ahadi yao ina maana yoyote, basi maana yake ni hii: mama asiye na mume na binti aliyebakiza wiki chache kuolewa wametupiwa tope, na wenye mishipi wamekaa wanakunywa kahawa.

Baqir aliuliza kama Somoe mwenyewe amelalamika au ameomba msaada.

"Mwanamke aliyedhulumiwa hapiti akigonga milango ya wanaume," Sudi alijibu. "Muungwana haombwi."

Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, na Baqir naye, baada ya kufikiri kidogo, akatikisa chake. Hivyo ndivyo shauri lilivyopita.

Walivuka kwenda Jibondo siku ya Ijumaa baada ya sala, kutoka pwani ya Utende, kanzu nyeupe na mishipi ya kijani. Walimkuta Fundi Zubery ufukweni kwake, amechuchumaa ubavuni mwa mashua mpya, anakalafati: anashindilia pamba iliyotiwa mafuta katikati ya mbao ili maji yasipite. Alipowaona wamejipanga mbele yake aliwakaribisha, akadhani wameleta tena maji. Watu wa Jibondo walikuwa wameanza kusogea, wengine na nyavu zao mikononi. Sudi alikuwa ameshika simu, tayari inarekodi. Alimwambia fundi, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba wamekuja kwa sababu ya neno alilolisema barazani juu ya Warda.

Zubery aliinuka taratibu. Alimshika Sudi mkono akamvuta kando, nyuma ya ile mashua, pale ambapo wengine hawakuweza kusikia.

"Kijana," alisema kwa sauti ya chini, "jambo hilo nimekwisha kulimaliza na mama yake, na mtoto mwenyewe. Kamuulize Somoe kwanza. Nakuomba usinifanye niliseme tena mbele za watu."

Sudi alimsikia. Alimsikia sawasawa, na moyo wake ulimwambia kwamba mtu huyu anasema kweli, kwa sababu macho yake hayakuwa na hasira wala hila, yalikuwa na haya. Kama angetaka, angetoka nyuma ya mashua akawaambia wenzake kwamba mambo yamekwisha, warudi. Lakini watu walikuwa wamekusanyika. Wenzake walikuwa wamesimama juani wakimngojea yeye, Sudi, awaambie linalofuata. Katika maisha yake yote hakuwa amepata kungojewa namna ile.

"Lililosemwa hadharani huombewa radhi hadharani," alisema, na akasema kwa sauti ya juu, ili wote wasikie.

Zubery akaiweka chini nyundo yake, akajifuta mikono kwenye shuka, akatoka mbele za watu. Alisema kwamba yeye Zubery, kwa hasira ya kutoshirikishwa, alisema neno juu ya mwanawe Warda, na neno lile lilikuwa uongo; Warda ni mwanawe wa kumzaa; anamtaka radhi yeye na mama yake, na wote waliosikia. Alipofika kwenye jina la binti yake sauti ilimkatika, na machozi yakamtoka. Sudi aliisogeza simu karibu.

Nyumbani, alipoitazama video, alikuta kwamba simu ilikuwa ikirekodi muda wote, hata kule nyuma ya mashua. Picha ilionyesha mchanga tu na miguu, lakini sauti ya Zubery ilisikika wazi. Sudi aliisikiliza. Akairudia. Halafu akakata kipande kile, akaunganisha kabla na baada, na juu yake akaandika ile kauli yake juu ya radhi ya hadharani. Akaipeleka mtandaoni.

Hakuna video yao iliyopata kwenda mbali kama ile. Watu waliitumiana kundi kwa kundi. Gatini Sudi alikuwa akishikwa mkono na watu asiowajua. Mzee mmoja ambaye hakuwahi kumjali hata baba yake Sudi alimwita "mwanangu" akamketisha karibu naye. Kwa siku chache Sudi alikuwa mtu.

Kisha akaona kwamba meza ya Somoe haipo mahali pake. Alidhani mama huyo anashughulika na harusi. Alipita tena siku nyingine, haipo. Iddi ndiye aliyemletea habari, na aliileta bila kumtazama usoni. Kule Kirongwe, alisema, hakuna aliyekuwa amesikia lolote juu ya neno la Zubery mpaka walipoiona video. Sasa wanaulizana: kama hapakuwa na jambo, ile radhi ilikuwa ya nini? Wamemtuma mshenga kwamba harusi ingoje kwanza mambo yatulie.

Sudi aliifuta video siku hiyohiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ilikuwa kwenye simu za watu hata asiowajua, na wengine walikuwa wameongeza maneno yao juu yake, maneno ya kuuliza mama huyo alikuwa na nani.

Somoe alikuja studio asubuhi, wakati Sudi anafungua. Alikuwa amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, kama mtu anayetoka msibani.

"Shikamoo, mama Warda," Sudi alisema.

Somoe hakuitikia. Sudi alikuwa hajapata katika maisha yake kutoa shikamoo kwa mtu mzima ikabaki hewani. Alimvutia kiti. Mama yule hakukaa.

Aliongea taratibu. Alimweleza kwamba Zubery alilisema neno lile jioni, na asubuhi yake alipanda mashua ya kwanza akaja kwake, akakaa kizingitini, hakutaka hata mkeka. Alilia. Alimshika Warda miguu, baba mtu mzima. Mtoto akamsamehe, na yeye mama akasamehe, wakaufunga mlango juu ya jambo lile. Waliolisikia barazani walikuwa watu wazima, walinyamaza, ila huyo mmoja mwenye mdomo. Lingekufa. Sasa akienda sokoni wauzaji wanamwongezea vitu kwa kumwonea huruma, na Warda hatoki ndani, maana watoto wa chekechea wamekwisha kumuuliza baba yake ni nani.

"Zubery ananambia alikuvuta kando akakueleza," alisema. "Mimi nimemkatalia. Nimemwambia Sudi namjua tangu mdogo, angeambiwa asingefanya. Tumegombana kwa ajili yako. Basi nimekuja uniambie mwenyewe kwamba Zubery amenidanganya."

Sudi alitaka ardhi ipasuke. Aliangalia sakafu, akaangalia pazia jeupe la kupigia picha, akaangalia mlango. Ilikuwa rahisi sana kusema hakusikia. Kelele za watu, upepo, angepata la kusema. Na mama yule angemwamini. Alikuwa amekuja akitaka kumwamini.

"Hakukudanganya," alisema.

Ndipo Somoe akakaa, si kwa kukaribishwa bali kwa kuishiwa nguvu, na akawa anautazama ukuta. Hakulia wala hakupandisha sauti. Sudi alingoja atukanwe. Tusi halikuja, na kutokuja kwake kulimuumiza kuliko tusi.

Alianza kusema haraka haraka. Alisema watakwenda Kirongwe, wao wote, Watu wa Mshipi, watasimama mbele ya mzee Shaabani waape, na akitaka watatoa video nyingine ya kusahihisha.

"Mnataka kunitetea tena?" Somoe aliuliza.

Aliinuka kitini.

"Utakwenda peke yako. Hutafunga mshipi. Hutachukua hiyo kamera. Utakwenda kama aendavyo mtu aliyekosa, uwaambie ulilolijua na ulilolifanya. Wakikufukuza, rudi. Wala usije kunisimulia."

Aliondoka, na Sudi akaifunga studio.

Kabla ya kwenda Kirongwe alimfuata Baqir dukani, wakaingia nyuma, kwenye magunia ya saruji, akamweleza yote, na kile kipande alichokikata. Baqir alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alikumbusha kwamba katika ahadi waliyoifunga kulikuwamo kusitiri aibu za watu, na wao, watu wazima waliofungana mishipi, waliichukua aibu iliyokwisha kuzikwa wakaifukua kwa mikono yao.

"Mimi niliuliza kama Somoe ameomba," alisema Baqir. "Jibu lako lilikuwa zuri, nikaacha kuuliza. Hilo ni langu."

Sudi alisema atautoa mshipi, ajitoe chamani. Baqir alikataa. Alisema akijitoa atakuwa amejipa adhabu nyepesi. Watu watasema Sudi amewajibika, na hiyo nayo itakuwa sifa.

Kwa hiyo alikwenda Kirongwe kwa bodaboda, amevaa shati la kawaida na suruali. Mzee Shaabani alikuwapo, na mkewe bi Furaha, na Ukasha bwana harusi, aliyekaa kwenye kibaraza akizitazama ndara zake. Walimpokea vizuri. Walimpa madafu, na bi Furaha akaagiza wali uwekwe jikoni kabla hata hajajua mgeni amefuata nini. Sudi aliona afadhali wangemfungulia mbwa.

Aliwaeleza. Aliwaambia kwamba Zubery alikwisha kumwomba radhi binti yake siku ya pili yake, kwa hiari, bila kutumwa. Kwamba fundi alimsihi asimlazimishe kusema mbele za watu. Kwamba yeye Sudi alimsikia, akamwamini, akamlazimisha hivyo hivyo, kisha akayakata maneno yake ili yasisikike. Kisha akatoa simu mfukoni. Kile kipande cha sauti bado alikuwa nacho. Aliwaambia wanaweza kumsikia Zubery kwa masikio yao.

Bi Furaha aliinua mkono.

"Kirudishe mfukoni," alisema. "Kama alikuvuta kando, alitaka yabaki kando. Sisi tutayasikilizaje?"

Sudi akairudisha simu mfukoni. Alikuwa ametoka Kilindoni kuja kukiri kosa, na hapohapo, mbele yao, alikuwa ameanza kulifanya upya.

Mzee Shaabani alimwuliza maswali machache ya kawaida: Zubery hali yake, Somoe hali yake. Ukasha aliuliza moja tu, akiwa bado anatazama ndara zake. Aliuliza Warda anasemaje.

Katika jambo lote lile, tangu mkutano wa nyuma ya duka mpaka siku ile, Sudi hakuwa amemsemesha Warda hata neno moja. Alisema hajui. Ukasha akamtazama mara ya kwanza, kisha akarudisha macho chini, na pengine naye alikuwa akijiuliza swali hilohilo.

Wali ukaletwa na samaki wa nazi. Alilazimishwa kula, na akala, tonge moja moja.

Watu wa Kirongwe ni watu wenye staha. Hawakungoja sana. Mzee Shaabani na mkewe walikuja wenyewe Kilindoni, wakakaa na Somoe na wajomba, wakasema wameridhika, wanaona haya kwa kusitasita kwao, na kama wenyewe wanapenda, harusi iendelee kwa siku ileile iliyopangwa. Wajomba walishukuru. Somoe alishukuru. Wakamwita Warda aseme lake, kama ilivyo desturi, wakitarajia atanyamaza, na kunyamaza kwake kuwe ndiyo.

Warda hakunyamaza. Sudi alisimuliwa baadaye na Iddi, naye Iddi alisimuliwa na mjomba mmoja, lakini wote walikubaliana juu ya maneno aliyoyasema. Aliwaamkia wazee wa Kirongwe kwa heshima, akasema hana kinyongo na mtu. Ila siku zile alizokuwa amejifungia ndani, alikuwa akingoja Ukasha aseme kitu kimoja: namwoa Warda, awe mwana wa yeyote awaye. Ukasha akasema tungoje mambo yatulie.

"Sasa yametulia," Warda alisema, "na mimi nimetulia. Mwambieni namtakia heri."

Hakuna aliyeweza kumgeuza. Mahari ilirudishwa kwa adabu, wazee wakapeana mikono, na bi Furaha alimkumbatia Somoe mlangoni, wote wawili wakilia.

Wengine mjini walisema binti ana kiburi, wengine wakasema ana akili. Sudi aliendelea kwenda gatini kupokea mizigo ya wazee pamoja na wenzake, kwa kuwa Baqir alimwambia aende, na kila aliyemshika mkono kumshukuru alimwona kama anayemshika mtu mwingine. Video hazikupigwa tena. Meza ya Somoe ilirudi mahali pake. Sudi alipopita, mama yule aliitikia shikamoo yake sasa, marahaba fupi, huku akiendelea kugeuza vitumbua. Chakula kilichofunikwa kawa hakikufika tena mlangoni pake.

Lilikuwa limebaki jambo moja, nalo aliliahirisha mpaka likamnyima usingizi. Alikwenda Jibondo peke yake, akapata nafasi kwenye mashua ya watu waliotoka kuuza pweza.

Zubery alikuwa palepale ufukweni, na mashua mpya sasa imekwisha kukalafatiwa, anaipaka mafuta. Sudi alimwamkia, akaitikiwa. Alisimama pembeni akaanza maneno aliyoyapanga njiani, lakini fundi alimwashiria ashike upande wa pili wa kopo la mafuta, maana lilikuwa zito. Akalishika. Wakawa wanasogea pamoja ubavuni mwa mashua, mmoja ameshika, mmoja anapaka, harufu ya sifa, mafuta ya ini la papa, ikiwaingia puani, na Sudi akayasema yote akiwa ameshika kopo. Alisema hana udhuru. Alisema alimsikia siku ile, na alimwamini, na hilo ndilo baya zaidi.

Zubery aliendelea kupaka mpaka upande ule ulipokwisha.

"Nimekusamehe," alisema. "Mimi nani nisisamehe, na neno lililoanza yote lilitoka kinywani mwangu? Mungu akusamehe na mimi anisamehe." Akaifuta brashi kwenye ukingo wa kopo. "Lakini kijana, nakuomba jambo. Usije tena Jibondo. Si kwa chuki. Watu walikuwa wameanza kusahau. Wakikuona wewe wanakumbuka."

Sudi akasema amesikia.

"Siku Warda atakapopata wake, akaolewa, njoo. Utakuja kula wali. Kwa sasa niache mwanangu asahaulike."

Waliagana kwa mikono, mikono yote miwili ikiwa na mafuta.

Sudi alishuka mpaka pwani kutafuta chombo cha kumrudisha Utende, na pale akakuta bahari imekwisha kutoka. Mashua zote zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope, na maji yako mbali kule, mstari mwembamba. Nahodha mmoja aliyekuwa akishona tanga alimwambia akae tu, hakuna atakayeondoka mpaka maji yajae. Sudi alitazama huku na huku. Hapakuwa na kichaka wala ukuta wa kujificha. Nyumba zote za mji zilitazama pwani ile.

Akakaa juu ya gogo, jua likimpiga. Wanawake walikuwa wakishuka na fimbo zao kwenda kuwinda pweza miambani, makundi makundi, na hapakuwa na njia nyingine ila mbele yake. Walimtambua. Aliona kiwiko kikigusa kiwiko, aliona kichwa kikiinamia sikio la mwenzake. Lakini walikuwa watu wa heshima, na kila kundi lilipomfikia lilisimama kidogo, likamwuliza hali yake, na habari za Kilindoni, na kama watu wa nyumbani kwake hawajambo. Aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwamba hawajambo, anashukuru. Wakipita, alisikia nyuma yake sauti za chini, na katika sauti hizo alisikia jina la Warda.

Bahari ilikuwa bado mbali.